Ubingwa Kabla ya Jino

Lipo shauri siku hizi, nami nimelisikia mara nyingi mno, kwamba kijana akishapata nafasi ya kusomea udaktari wa meno, basi aanze siku hiyo hiyo kujiandaa kwa mtihani wa kuingilia ubingwa. Asingoje. Hajajua bado gego lina mizizi mingapi, hajashika kioo cha kinywani, hajamwona mgonjwa hata mmoja akishika shavu kwa maumivu; lakini aanze. Wazazi hulitoa shauri hili kwa upendo. Wanafunzi waliotangulia hulitoa kwa kujigamba kidogo. Wenye vituo vya tuisheni hulitoa kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa kuwa kwao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni mteja wa miaka mitano. Mimi nalipinga. Nalipinga kama daktari wa meno ambaye mikono yake imo vinywani mwa watu kwa zaidi ya miaka 20 sasa, na sina tuisheni ya kuuza.

Nitazungumzia India. Ndiko nilikosomea, katika jimbo la Karnataka, na ndiko vijana wetu wengi wa Tanzania na Kenya wanakoendelea kwenda kutafuta elimu ya tiba. Tena huko India ndiko ugonjwa huu umekomaa, na anayetaka kuujua ugonjwa humtazama mgonjwa aliyezidiwa.

Msomaji asiyeijua njia yenyewe na aelezwe kwanza. Shahada ya kwanza ya meno huko ni miaka 4 ya darasani na kliniki, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini. Anayetaka ubingwa huongeza miaka 3 katika fani moja kati ya 9: upangaji wa meno, tiba ya mizizi na uzibaji, upasuaji wa kinywa na taya, meno bandia, magonjwa ya fizi, meno ya watoto, tiba ya kinywa na picha za eksirei, patholojia ya kinywa, na afya ya kinywa kwa jamii. Mlango ni mtihani wa taifa uitwao NEET-MDS, unaofanywa kwa kompyuta mara moja kwa mwaka. Maswali ni 240 kwa saa 3. Kila swali lina majibu 4 ya kuchagua. Ukipatia hupewa alama 4, ukikosea hunyang'anywa 1. Enzi zetu haukuwapo. Majimbo yalikuwa na mitihani yao, vyuo vya binafsi navyo vyao, na watahiniwa walikuwa wakipanda treni kutoka mji huu hadi ule na mabegi ya vitabu, kama wachuuzi wanaofuata minada. Mtihani mmoja ulipoletwa, wenye vyuo walikimbilia mahakamani. Mahakama ya Juu ya India iliufuta Julai 2013, kisha Aprili 2016 ikaitengua hukumu yake yenyewe, na tangu udahili wa 2017 mtihani huu umekuwa mlango wa karibu vyuo vyote. Kwa hilo sina ugomvi. Mtihani mmoja ni afadhali kuliko kumi, hasa kwa mtoto wa maskini asiye na nauli ya kuzunguka nchi nzima.

Ugomvi wangu ni na namna mtihani huu, ambao mtu huufanya akiwa amemaliza au anakaribia kumaliza miaka yake yote ya shahada pamoja na mafunzo kazini, ulivyoteremka ngazi moja moja mpaka ukaingia katika chumba cha mwanafunzi aliyewasili jana na sanduku lake. Zamani watu waliuanza baada ya kumaliza masomo. Baadaye wakauanza mwaka wa mwisho, halafu wa tatu. Sasa zinauzwa kozi za mwaka wa kwanza zenye jina la kupendeza la "msingi", kana kwamba chuo alichokilipia karo hakimjengei msingi.

Mtoto wa dada yangu yuko huko sasa. Alinipigia simu akiwa na miezi minne chuoni. "Shikamoo mjomba," akasema, na baada ya habari za nyumbani akaja kwenye shida yake: darasani kwao zaidi ya nusu wamejiandikisha kozi ya ubingwa, yeye hajajiandikisha, na anahisi ameachwa. Kiasi kilichotakiwa kilikuwa kikubwa kuliko kodi yake ya chumba ya nusu mwaka. Nikamwuliza wenzake wanaisoma saa ngapi hiyo kozi. Akanieleza: vipindi tangu asubuhi hadi saa kumi jioni, kisha chakula, kisha masomo yaliyorekodiwa kwenye simu mpaka saa sita za usiku, na Jumapili majaribio ya maswali mia mia.

"Na nta?" nikauliza. "Nta mnachonga saa ngapi?"

Akanyamaza kidogo. "Mjomba, wengine wanachongewa."

Sikuamini masikio yangu, ikabidi anirudie. Wapo wanafunzi wenye mikono mizuri, wa madarasa ya mbele, wanaowachongea wadogo zao meno ya nta kwa malipo ili wawasilishe kwa mwalimu, na wadogo hao wapate nafasi ya kusoma maswali ya mtihani ulioko miaka mitano mbele.

Huenda msomaji akaona ni jambo dogo, utundu wa wanafunzi tu. Hebu nieleze nta hiyo ni nini. Katika mwaka wa kwanza mwanafunzi wa meno hupewa kipande cha nta chenye umbo la tofali, kisu kidogo, na vipimo vya jino moja: urefu wa taji, upana wake shingoni, kimo cha mzizi. Anatakiwa alitoe jino ndani ya tofali hilo. Huanza na jino la mbele la juu, ambalo kila mtu hudhani analijua kwa kuwa huliona kila siku kwenye kioo, na hugundua kwamba hajawahi kuliona. Halafu chonge. Halafu magego madogo, na mwisho magego makubwa, ambayo yamewatoa machozi watu wazima wenye ndevu. Gego la kwanza la juu lina nundu nne kubwa, na mara nyingi nundu ndogo ya tano upande wa kaakaa, iliyopewa jina la Carabelli, daktari wa meno wa Vienna aliyefariki mwaka 1842. Lina mizizi mitatu, miwili upande wa shavu na mmoja upande wa kaakaa. Lile la chini lina nundu tano na mizizi miwili. Mwanafunzi hukata, hukosea, hutupa tofali, huchukua jingine. Baada ya matofali mengi kisu hujua chenyewe mahali pa kusimama.

Huo ndio ujuzi ninaokula kwao leo. Ninapoliziba jino lililooza nusu ni lazima nilijenge upya taji ambalo halipo, na mfano wake umo mikononi mwangu tangu nta ile. Nundu ikizidi kimo kwa sehemu ndogo tu ya milimita, mgonjwa hurudi baada ya siku mbili akisema jino "linagonga". Hakuna swali la kuchagua linalofundisha jambo hilo.

Nitoe mfano mmoja wa kliniki. Alikuja mama mmoja ambaye gego lake la juu lilikuwa limetibiwa mizizi mahali pengine, na kwa picha kazi ilionekana safi: mifereji mitatu imesafishwa, mitatu imejazwa. Lakini jino halikuacha kuuma. Kila mwanafunzi wa mtihani wa ubingwa anajua jibu. Mzizi wa mbele upande wa shavu wa gego hilo mara nyingi huwa na mfereji wa pili, na swali hilo halikosi katika madesa yao. Kulijua jibu ni sekunde mbili. Kuufikia mfereji wenyewe ndani ya jino la mtu aliyelala kitini, tundu lake ni jembamba kama ncha ya sindano na limejificha chini ya ukingo wa meno yaliyokomaa, ilinichukua karibu saa nzima. Aliyemtibu awali huenda jibu alikuwa nalo. Alichokosa ni picha ya jino kichwani na uvumilivu wa vidole, na vitu hivyo viwili hununuliwa kwa nta katika mwaka wa kwanza. Ukivikosa pale, utavinunua baadaye kwa meno ya watu.

Watetezi wa tuisheni ya mapema wana hoja moja ambayo huirudia kama wimbo. Husema kwamba maswali 100 kati ya yale 240 hutoka katika masomo ya msingi: anatomia, fiziolojia, baiokemia, patholojia, mikrobiolojia, famakolojia, umbile la meno, vifaa vya kazi. Masomo hayo yote hufundishwa mwaka wa kwanza na wa pili. Kwa hiyo, husema, ukichelewa umepoteza. Mimi naichukua hoja hiyo hiyo na kuigeuza. Ikiwa masomo hayo yanafundishwa mwaka wa kwanza na wa pili, na walimu wapo, na maiti ipo mezani, na darubini ipo, na karo imelipwa, basi anayeyasoma vizuri pale yanapofundishwa amekwisha kujiandaa kwa maswali hayo 100 bila kulipa senti ya ziada. Wa tuisheni yeye anayasoma mara mbili kwa nusu nusu: nusu darasani akisinzia, nusu usiku akikariri. Nimewaona wa aina hii wakati wa mafunzo kazini. Wanaijua orodha ya matawi ya ateri ya taya kwa silabi za kuchekesha walizofundishwa, na ukiwauliza tawi lipi litatoa damu ukichoma sindano ya ganzi juu kupita kiasi nyuma ya gego la mwisho, wanatafuta silabi.

Mambo ya kukariri yana tabia nyingine: hayakai. Kilichobandikwa kichwani na kijana wa miaka 18 kwa ajili ya mtihani atakaoufanya akiwa na miaka 23 au 24 kitakuwa kimebanduka na kubandikwa upya mara nne. Neva inayopita upande wa ulimi karibu na gego la mwisho la chini, mtu aliyeitafuta mwenyewe kwa koleo ndani ya maiti hamsahau mahali pake, kwa sababu alipata tabu kuipata. Aliyeisoma kama jibu la herufi C ataisoma tena kila mwaka, na kila mwaka kuna mtu wa kumlipa.

Na nani aliyemwambia mtoto huyu kwamba mtihani wenyewe utakuwa ule ule? Tangu ulipoanzishwa umekwisha kugawanywa sehemu mbili. Sheria iliyopitishwa na bunge la India mwaka 2023 kuhusu taaluma ya meno inataka uwekwe mtihani wa taifa wa kumalizia masomo, ambao matokeo yake yatatumika pia kuwachagua wa kuingia ubingwa. Marekani nako yalitokea mageuzi kama hayo. Kwa miaka mingi alama za sehemu ya kwanza ya mtihani wa bodi ya taifa ya meno zilikuwa ndizo kipimo cha wanaotaka ubingwa. Mwaka 2012 zikaondolewa, mtu akawa anaambiwa amefaulu au ameshindwa basi. Mwaka 2016 ukaanzishwa mtihani mwingine wa kuwapanga watu, na mwaka 2020 mtihani wa bodi wenyewe ukaanza kutoa nafasi yake kwa mtihani mpya uliounganishwa. Waliokuwa wamejenga ujana wao wote juu ya karatasi moja walikuta karatasi imebadilishwa. Mitihani hubadilika kwa kikao cha kamati. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu tangu kabla ya kamati zote hizo.

Lakini kuna jambo linaloniudhi kuliko usiku uliopotea, nalo ni uchaguzi. Muulize mwanafunzi wa miezi minne ubingwa gani anautaka. Atakujibu mara moja: upangaji wa meno. Au upasuaji wa taya. Au tiba ya mizizi. Umemwona nani akifanya kazi hiyo? Hakuna. Umeipenda kwa nini? Kwa sababu ndiyo inayochukuliwa na wenye namba za juu. Huo ndio utaratibu ulivyo: matokeo hupangwa kwa namba, wa juu huchagua kwanza, na kwa kuwa wa juu huchagua fani tatu au nne zile zile zenye fedha, fani hizo huwa ndizo "nzuri" na zilizobaki huwa ndizo za "walioshindwa". Patholojia ya kinywa, ambayo ndiyo inayomwambia mtu kama kidonda chake ni saratani, iko mkiani. Afya ya kinywa kwa jamii iko mkiani kabisa.

Sisi tunaotoka huku Afrika Mashariki tungepaswa kuwa wa mwisho kuingia katika mchezo huo. Nenda vijiji vya kuzunguka Mlima Meru ukawaangalie watoto wa shule wakicheka. Meno yao yana madoa ya kahawia kwa sababu ya floridi nyingi katika maji, na hakuna bingwa wa kupanga meno atakayeliondoa tatizo hilo. India inalijua tatizo hilo hilo. Katika wilaya ya Nalgonda, ambayo tangu 2014 imo katika jimbo la Telangana, watu wameumia kwa floridi mpaka mifupa, na njia ya kuitoa floridi katika maji kwa shabu na chokaa imepewa jina la wilaya hiyo. Njia hiyo ilivuka bahari ikajaribiwa kwetu, Ngurdoto, karibu na Arusha. Daktari wa meno kutoka Tanzania aliyekwenda India akarudi bila kulisikia jina la Nalgonda, lakini anajua namba iliyotosha kuingia ubingwa wa kupanga meno mwaka uliopita, amesafiri bure.

Edward Angle, Mmarekani aliyeupa upangaji wa meno mfumo wake wa madaraja mwaka 1899, alifungua shule yake ya ubingwa St. Louis mwaka 1900, na aliowapokea walikuwa watu waliokwisha kuwa madaktari wa meno. Ubingwa ulizaliwa hivyo. Mtu alifanya kazi, akaona kinachomvuta na kinachomshinda, akaenda kukisomea hicho. Leo tunataka kijana avutwe na kitu asichokiona.

Sasa nisikilize upande wa pili, maana nisipousikiliza nitaonekana mzee anayewakaripia watoto. Hofu yao ina sababu. India ina vyuo vya meno zaidi ya 300, vinavyopokea wanafunzi zaidi ya 25,000 kila mwaka, na nafasi za ubingwa ni kama robo ya idadi hiyo. Mjini, daktari mpya mwenye shahada ya kwanza peke yake hulipwa ujira wa kusikitisha, akimfanyia kazi mwenye kliniki. Mzazi aliyeuza shamba hawezi kuambiwa mwanawe atulie tu. Nayajua haya, na siyadharau.

Ila tazama jambo moja ambalo wauzaji wa hofu hawalitaji. Miaka kadhaa, 2022 na 2024 ikiwamo, serikali ya India ililazimika kushusha kiwango cha kufuzu NEET-MDS baada ya mtihani kwisha, kwa kuwa nafasi za ubingwa zilibaki wazi. Wazi! Nafasi zipo na watu hawaingii, kwa sababu nyingine ni za fani zinazodharauliwa, na nyingine zimo katika vyuo vya binafsi ambavyo karo yake haishikiki. Kwa hiyo kinachogombaniwa na maelfu ni nafasi chache za vyuo vya serikali katika fani chache zenye sifa. Ukweli huo ukisemwa wazi, swali la mzazi linabadilika. Haliwi tena "mwanangu atapata ubingwa?" bali "ni nani aliyeamua kwamba fani tatu ndizo ubingwa, na zilizobaki ni takataka?" na "kwa nini chuo cha binafsi kinatoza karo ile?" Hayo ni maswali ya kuwauliza wenye vyuo na wenye serikali. Badala yake tumemtwika mtoto wa miaka 18 jibu lake, alibebe usiku akiwa na simu mkononi.

Kuna wengine wataniambia kwamba mtu anaweza kufanya vyote viwili, ni suala la kupanga ratiba. Ratiba hizo nimeziona, zimechorwa kwa rangi nne na kubandikwa ukutani. Zina saa ya kuamka, saa ya maswali, saa ya marudio, hata dakika kumi za sala. Saa ya nta haimo, kwa kuwa nta haina saa. Unaianza ukidhani ni ya nusu saa na inakumeza jioni nzima. Kazi yoyote ya mikono iko hivyo. Muulize fundi cherehani kama alijifunza kukata shingo ya kanzu kwa vipindi vya dakika arobaini na tano. Ratiba ya mtihani huvumilia kila kitu isipokuwa kitu kisichojulikana kitaisha lini, na mwaka wa kwanza wa meno umejaa vitu vya aina hiyo.

Mtoto wa dada yangu sikumpa fedha za kozi. Nilimpa za matofali ya nta, nikamwambia ayamalize na aniletee picha za kila jino, hata lililoharibika. Nikamshauri pia awaombe wauguzi wa kliniki wamwekee meno yaliyong'olewa, ayatie dawa ya kuua vijidudu kama mwalimu wake atakavyomwelekeza, na kila alitakalo kulichonga alishike kwanza la kweli, alizungushe, alitazame kwenye mwanga. Dada yangu hakufurahi. "Wenzake watamzidi," alisema, na kwa wiki mbili tulizungumza kwa ufupi. Sikumlaumu. Yeye ndiye anayelipa karo, na mimi ni mjomba tu.

Na wakati wa kujiandaa kwa mtihani ni lini basi, maana siukatai mtihani? Mimi ningesema mwaka wa mwisho wa darasani na ule wa mafunzo kazini, mwanafunzi akiwa amekwisha kuzunguka idara zote tisa. Wakati huo amekwisha kung'oa meno. Amekwisha kumwona mtoto wa miaka saba aliyeoza gego la kwanza la ukubwani ambalo mama yake alidhani ni la utoto na litang'oka lenyewe, kwa kuwa huota kimya kimya nyuma ya yale mengine mtoto akiwa na miaka sita. Amekwisha kujua kama anapenda damu au anapenda darubini, kama ana subira na watoto au hana. Akikaa na maswali sasa, kila swali lina sura ya mtu. Akisoma kuhusu gego la miaka sita, anamkumbuka yule mama na uso wake alipoambiwa. Miezi kumi na minane ya kusoma kwa namna hiyo inamtosha mtu aliyesoma vizuri tangu mwanzo, na kwa ambaye hakusoma hata miaka mitano ya tuisheni haitoshi.

Vituo vya tuisheni vitajibu kwamba wanafunzi wao ndio walioongoza mwaka jana, na picha zao zimebandikwa barabarani. Ni kweli, zimebandikwa. Mtu akisajili nusu ya watahiniwa wote, waongozaji watatoka wapi kama si kwake? Ningependa kuona bango la wale wengine waliolipa miaka mitano na hawakupata kitu, na kando yake bango la wale waliopata, wakaingia fani waliyoichagua wakiwa na miezi minne chuoni, wakagundua mwaka wa pili wa ubingwa kwamba hawaipendi. Mmoja wa namna hiyo alisoma nami. Anapanga meno katika mji mkubwa, ana kliniki nzuri yenye vioo, na kila tukizungumza huniuliza habari za vidonda vya kinywani ninavyoviona huku, nivieleze vizuri, rangi yake, kingo zake, nimtumie picha.